Themokapo ya tanuru: uliza kwanza moto wako una nini ndani yake

Mtu akinipigia simu kutaka ushauri wa kihisi joto cha tanuru lake, hunitajia digrii kwanza. "Fundi, langu linafika elfu moja mia mbili." Namba hiyo nitaihitaji, lakini mimi huanzia kwingine. Unawasha kwa nini? Umeme, gesi, kuni, maganda ya korosho, oili chafu? Na ndani unaweka nini: vyungu, mawe ya chokaa, alumini ya kuyeyusha? Nauliza hayo kwa sababu vihisi vingi ninavyovitoa kwenye matanuru vikiwa vimekufa havikuuawa na joto. Viliuawa na moshi, na salfa, na upungufu wa oksijeni, au na metali iliyoyeyuka ikavila taratibu. Joto liliharakisha tu.

Kazi yangu ni kujenga na kutengeneza matanuru madogo hapa Arusha, na naitwa pia Moshi, Babati na Tanga. Wateja wangu ni wafinyanzi, wanaosubu sufuria, watu wa chokaa, na mafundi wanaopasha visu na patasi moto ili ziwe ngumu. Ninachoandika hapa ni namna ya kuchagua themokapo, yaani hicho kihisi joto cha tanuru, kuifunga, kuipima, na kuitambua ikianza kusema uongo. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Themokapo iliyokatika unaijua papo hapo, mita inaonyesha kosa. Iliyochoka huendelea kukupa namba nzuri huku ikikuunguzia mali.

Ijue inavyofanya kazi kabla hujatoa pesa

Themokapo ni nyaya mbili za metali tofauti zilizochomelewa pamoja kwenye ncha moja. Ncha hiyo ikipata moto na upande wa pili ukabaki baridi, hutokea volti ndogo sana. Thomas Seebeck aligundua jambo hilo huko Berlin mwaka 1821, alipoona sindano ya dira ikigeuka karibu na metali mbili zilizounganishwa na kupashwa moto upande mmoja.

Themokapo hutajwa kwa herufi kulingana na metali zake. Aina K, ambayo ndiyo imejaa madukani kwetu, hutoa takriban milivolti 4.1 kwa digrii 100 za Selsiasi, milivolti 20.6 kwa digrii 500, na milivolti 41.3 kwa digrii 1,000. Namba hizo ni kwa upande wa baridi ulio kwenye sifuri. Ukipima kwa multimita ya kawaida pale penye digrii 25, ongeza milivolti 1 kwenye ulichosoma kisha ulinganishe. Ziandike kwa chaki ukutani. Siku kontrola, kile kifaa kinachosoma themokapo na kuongoza moto, ikikutia shaka, multimita yenye milivolti itakuambia kama tatizo ni la themokapo au la kontrola yenyewe.

Sasa kuna jambo ambalo mafundi wengi hawajaambiwa, na mengine yote ninayosema hapa yanalitegemea. Ile volti haizaliwi kwenye ncha. Inazaliwa kwenye urefu wa waya, pale joto linapobadilika kutoka moto kwenda baridi, yaani kwa sehemu kubwa ni kile kipande kinachopita katikati ya ukuta wa tanuru. Ncha ni mahali nyaya mbili zinapokutana tu. Kwa hiyo ncha inaweza kuwa safi kabisa, inang'aa, lakini kama waya uliomo ukutani umeliwa, mita inakudanganya.

La pili ni fupi: mita haipimi joto la ncha, inapima tofauti kati ya ncha na mahali nyaya zinapofungwa kwenye mita. Mita nzuri ina kihisi kidogo karibu na skrubu zake ili ijue joto lake yenyewe na kulijumlisha. Usiifunge juu ya tanuru wala mahali jua linapoipiga upande mmoja.

Kuchagua aina ya waya

Tanuru la umeme lenye hewa ya kutosha, chini ya digrii 1,100: chukua K na usihangaike. Chromeli na alumeli, yaani nikeli iliyochanganywa na kromi upande mmoja, na nikeli yenye alumini kidogo upande wa pili, huvumilia oksijeni vizuri. Lakini tazama unene. Waya wa milimita 3.2 unaweza kuvumilia hadi digrii 1,260. Wa milimita 0.8 usiupitishe 980. Na wa nusu milimita mwisho wake ni kama 870. Kwenye boksi wataandika 1,200 au 1,300 bila kujali unene, kwa hiyo fungua boksi, toa waya, upime kwa kalipa ukiwa hapo hapo dukani.

Shida ya K inaanza pale oksijeni inapopungua bila kwisha kabisa. Kati ya digrii 800 na 1,050, hewa ikiwa haba, kromi iliyomo kwenye waya wa chanya inaungua peke yake na kuiacha nikeli. Waya unapata magamba ya kijani kwa ndani. Kinachofuata ni kwamba volti inashuka, mita inasoma chini, na wewe kwa imani unaongeza moto.

Niliitwa na mama mmoja mfinyanzi anayeoka vikombe na mabakuli kwa tanuru la gesi. Hata salamu hatujamaliza vizuri akanivuta mkono mpaka kwenye rafu. "Mwanangu, mita inasema elfu moja mia moja themanini. Tazama koni yangu." Koni namba 6 ilikuwa imelala chapa, imeyeyukia kwenye kigae. Koni hizo za udongo, ambazo Hermann Seger alizianzisha Ujerumani mwaka 1886 na Edward Orton akazitengeneza Marekani kuanzia 1896, hujikunja kulingana na joto na muda kwa pamoja. Namba 6 hujikunja kati ya digrii 1,220 na 1,240 hivi, kutegemea unavyopandisha moto haraka au polepole. Ikiyeyuka namna ile, tanuru lilipita hapo. Mita ilikuwa nyuma kwa zaidi ya digrii 40, na vikombe vya mama vilikuwa vimeshikana na rafu kwa glezi, lile tabaka la kioo linalopakwa vyombo, iliyotiririka.

Nilipoichomoa themokapo, ilikuwa K ndani ya bomba jembamba la chuma cha pua lililozibwa ncha. Nyaya zote mbili zilikuwa nzima, ncha nzima. Nikakwangua ule waya wa chanya kwa kisu, karibu na sehemu iliyokuwa ukutani, na kijani kikatokea. Kisha nikasogeza sumaku. Ninayo sumaku ndogo niliyoitoa kwenye spika iliyokufa, inakaa mfukoni mwa begi langu la vifaa. Katika K nzima, sumaku hushika waya wa hasi tu, alumeli. Hapa ilishika zote mbili. Chromeli iliyopoteza kromi yake inabaki nikeli, na nikeli hushikwa na sumaku. Mama alitazama waya ukining'inia kwenye sumaku, akauliza, "Kwa hiyo ilikuwa inaumwa muda wote huu?" Ndiyo mama, na bomba lile jembamba ndilo lililoiuguza, maana hewa kidogo iliyomo ndani ikishaliwa hakuna nyingine inayoingia.

Kwa tanuru kama lake ninaweka aina N. Noel Burley na wenzake waliitengeneza Australia wakijua udhaifu huu wa K: wakaongeza kromi na silikoni kwenye waya, hivyo unajifunika ngozi ngumu ya oksaidi inayoulinda. Bei yake haiko mbali na ya K. Lazima tu kontrola iwe na chaguo la N kwenye menyu, kwa sababu milivolti zake ni tofauti. Kama unabaki na K, basi tumia bomba pana lenye nafasi ya hewa kuzunguka, au themokapo ya aina ile ambayo nyaya zimezikwa ndani ya unga wa magnesia ulioshindiliwa kwenye ganda la chuma na kufungwa kabisa.

Aina J, chuma na konstantani (mchanganyiko wa shaba na nikeli), haisumbuliwi na moto wenye hewa haba, lakini mwisho wake ni digrii 760, na kwa hali ya hewa ya pwani chuma kinapata kutu hata kikiwa stoo. Kwa tanuri la mikate inatosha sana. Sina zaidi la kusema juu yake.

Ukipita digrii 1,250 na kukaa huko, nenda kwenye platini. Aina S ni platini tupu upande mmoja na platini yenye rodi (metali ya jamii ya platini) asilimia 10 upande wa pili, mchanganyiko wa Henri Le Chatelier wa miaka ya 1880, na ilikuwa ya kuaminika kiasi kwamba hadi mwaka 1990 ndiyo iliyotumika kuweka kipimo cha kimataifa cha joto kati ya digrii 630 na 1,064. Inafika 1,450 bila kuchoka upesi. Lakini ni ghali, na inatiwa sumu kirahisi: mvuke wa zinki, wa risasi, fosforasi, silikoni, hata chumvi ya jasho la vidole. Usiishike kwa mkono mtupu. Usiiweke ndani ya bomba la chuma hata kwa siku moja. Inakaa ndani ya kauri safi ya alumina, yaani oksaidi ya alumini, ya asilimia 99.7 na si vinginevyo.

Bomba la kinga: hapa ndipo tanuru linaposhindwa au linapokushinda

Waya ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kile kinachouzunguka, na hapo ndipo swali langu la mwanzo linalipa.

Kuni na gesi safi, chini ya digrii 870: chuma cha pua cha kawaida, 304 au 316, kinatosha. Hadi kama 1,100: tafuta 310, chenye kromi asilimia 25 na nikeli 20. Muuzaji atakusukumia Inconel, mchanganyiko wa nikeli na kromi, na Inconel 600 ni nzuri kweli, lakini ina nikeli nyingi. Ukiwa unachoma makaa ya mawe au oili chafu, moto wako una salfa. Salfa na nikeli zikikutana kwenye moto wenye hewa haba hutengeneza mchanganyiko unaoyeyuka kwenye digrii 645 hivi, chini kabisa ya joto unalolitumia, na bomba la ghali linavunjika kama biskuti. Kwa moto wa salfa chukua chuma cha kromi nyingi kisicho na nikeli, kile namba 446. Ni kigumu kupinda na si laini kuchomelea, lakini kinakaa. Huko Olkaria nchini Kenya, kwenye visima vya mvuke wa ardhini, gesi ya salfa inayotoka na mvuke husumbua shaba na nyaya za mita pia, ijapokuwa joto lake ni dogo kuliko la tanuru la mfinyanzi. Ndiyo maana sichoki kusema: tazama hewa.

Alumini iliyoyeyuka ni habari nyingine kabisa. Inayeyuka kwenye digrii 660 tu, kwa hiyo mtu anadhani bomba lolote la chuma litaishi. Haliishi. Alumini huyeyusha chuma, inakilamba kidogo kidogo, bomba linakonda kwenye mstari wa juu wa metali na siku moja linatoboka. Isitoshe, chuma kile kimeingia kwenye alumini yako, na sufuria zinakuwa za kuvunjika. Wanaosubu hawafurahi nikiwaambia hivyo, kwa sababu kipande cha bomba la maji ndicho kilichopo karibu.

Bora kuliko yote ni bomba la silikoni kabaidi, hasa lile lililofungwa kwa nitridi ya silikoni. Alumini haikamati juu yake. Ukilichomoa inadondoka, hailingani na chuma ambacho kinatoka kimepakwa. Huagizwa, na si rahisi. Usipoweza kulipata, tumia bomba nene la chuma cha kusubu lililopakwa nitridi ya boroni, au angalau uji mzito wa kaolini (udongo mweupe wa ufinyanzi), ukaushwe vizuri, na upakwe upya kila kabla ya kazi. Halafu usiliache ndani. Pima, toa, pangusa.

Na hili ni la uhai. Chochote kinachoingia kwenye alumini iliyoyeyuka lazima kiwe kikavu na kiwe kimeshapata moto. Unyevu kidogo uliojificha kwenye rangi ya kaolini au ndani ya bomba lililotoboka hugeuka mvuke mara moja, na maji yakiwa mvuke hupanuka zaidi ya mara elfu moja mia sita. Metali inaruka usoni. Weka bomba ukingoni mwa tanuru, juu ya moto, mpaka ukidondoshea mate yatoweke kwa sauti, ndipo uliingize polepole. Miwani, apron ya ngozi, viatu vilivyofunikwa. Ndala hapana. Nimeondoka kwenye karakana nikiwa sijaanza kazi kwa sababu ya ndala.

Kwa nini wanaosubu wapime kabisa, na wamezoea kukisia kwa macho? Kwa sababu ya matundu. Alumini ikipashwa zaidi ya digrii 750 inakunywa haidrojeni kutoka kwenye unyevu wa hewa na moshi, na ikiganda inaitema. Sufuria inatoka na vitundu kama vya sindano. Ikiwa kati ya 700 na 740 inamiminika vizuri na matundu yanapungua, na mafuta unayochoma yanapungua pia. Mteja wangu mmoja aliyeanza kupima alikuja kuniambia anarudisha sufuria chache kwenye chungu cha kuyeyushia. Hilo kwake ni pesa, si elimu.

Zile bunduki za kupima joto kwa mwanga, zinazouzwa sana sasa, usizitumie juu ya alumini inayong'aa. Zimetengenezwa kwa vitu vinavyotoa mwanga wa joto kwa wingi, na uso safi wa alumini hutoa kama sehemu moja ya kumi tu. Itakusomea chini sana.

Kuhusu kauri. Bomba la alumina huvumilia digrii 1,600 na kupita, halijali salfa, na halijali hewa haba. Adui yake ni haraka. Ukiliingiza likiwa baridi kwenye tanuru lenye digrii 1,000, utasikia tik, na huo ndio mwisho wake. Sentimita moja, subiri, sentimita nyingine. Likae wima kutokea juu kama tanuru lako linapita 1,300, maana likilala linapinda kwa uzito wake. Kikemia alumina ni kitu kile kile na yakuti samawi, zile zinazochimbwa bonde la Umba mkoani Tanga. Chombo cha Parker kilichorushwa na NASA tarehe 12 Agosti 2018 kwenda karibu na Jua kina kikombe cha kupima chembe kinachochungulia nje ya ngao, na nyaya zake ni za niobi zilizopitishwa ndani ya vibomba vya yakuti. Waya wa metali isiyoyeyuka kirahisi, ndani ya oksaidi ya alumini. Nikifunga aina S ya mfinyanzi pale Njiro, nafanya kazi ya ukoo huo huo, na naipenda kwa ajili hiyo.

Kuifunga

Bomba liingie ndani ya chumba cha moto, kupita ukuta, angalau mara kumi ya unene wake. Bomba la milimita 10 lichungulie milimita 100. Likiishia ukutani linapima tofali. Lisikae kwenye njia ya ulimi wa moto wa bana (kichomeo), wala lisiguse rafu. Liwe karibu na mzigo, kwa urefu wa katikati. Uwazi kati ya bomba na tofali uzibe kwa pamba ya kauri, si kwa saruji, ili siku ya kulitoa usivunje ukuta. Vaa barakoa ukikata pamba hiyo, nyuzi zake hazifai kifuani.

Halafu kebo. Makosa mengi ninayoyakuta yako hapa, na ni ya bure. Kutoka kichwa cha themokapo hadi kwenye mita, waya lazima uwe wa aina ile ile: K kwa K, N kwa N. Ukiunga waya wa shaba wa taa, unakuwa umehamishia upande wa baridi kwenye kichwa cha themokapo bila mita kujua. Kichwa kikiwa na digrii 70 na mita ikiwa na 30, utasoma chini kwa digrii 40. Na pia kosa halitulii, linabadilika kadiri ukuta unavyopata moto.

Rangi zitakuchanganya. Kwa utaratibu wa kimataifa, K ni ganda la kijani, chanya kijani, hasi nyeupe. Kwa Wamarekani ganda ni njano, chanya njano, na hasi ni nyekundu. Fundi umeme akiona nyekundu anaipeleka kwenye chanya bila kufikiri. Ukigeuza mahali pamoja, mita inashuka tanuru likipanda, unagundua. Ukigeuza kebo pande zote mbili, kichwani na kwenye mita, inapanda kama kawaida na kusoma chini mara mbili ya tofauti ile: digrii 80 kwa mfano wetu. Hilo linaweza kukaa miaka. Achana na rangi, toa sumaku. Waya ukiwa baridi, unaoshikwa ni hasi. Hiyo ni kwa K. Kwa J ni kinyume, chuma ndicho chanya. N haishikwi na sumaku pande zote, kwa hiyo hapo pasha ncha kwa kiberiti na utazame multimita inakwenda upande gani.

Kebo ipite mbali na nyaya za koili na mota. Isilale juu ya bati la tanuru.

Kuipima ikiwa mpya

Chukua chupa ya chai, jaza barafu iliyopondwa, ongeza maji safi kiasi cha kujaza nafasi, koroga. Zamisha ncha, subiri itulie. Ni sifuri. Kisha maji yanayochemka, na hapa kumbuka uko wapi. Tanga na Dar ni 100. Moshi ni kama 97. Hapa Arusha, tukiwa mita 1,400 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye 95. Njombe ni chini zaidi, kama 93 na nusu. Kama mita yako Arusha inakuambia 100 kamili kwenye maji yanayochemka, usiisifu, ina tatizo.

Vipimo hivyo viwili vinakuambia nyaya ni za aina sahihi na hazijageuzwa. Havikuambii chochote kuhusu digrii 1,000. Kwa juu kidogo mimi hutumia alumini yenyewe. Nunua dukani mita chache za waya mpya wa umeme wa alumini, vua plastiki, yeyusha kwenye chungu kidogo cha grafaiti kilichofungwa kifuniko. Usitumie pistoni wala sufuria kuukuu; zina silikoni na huganda chini zaidi, nyingine kwenye 577. Zamisha themokapo ikiwa ndani ya bomba lake lenye kinga, zima moto, kaa na mita. Namba zitashuka: 690, 680, 670. Halafu zitakataa kushuka. Mita itaganda pale pale, karibu na 660, huku chungu kinazidi kupoa pembeni, kwa sababu metali inayoganda inatoa joto lake lililofichika. Baada ya hapo ndipo itaanguka tena. Mahali ilipogoma ndipo ukweli ulipo. Ikigomea 652, andika kwamba hapo inasoma chini kwa 8. K ya daraja la kawaida inaruhusiwa kukosea asilimia 0.75, ambayo kwa joto hilo ni karibu digrii 5.

Mwenye kazi inayohitaji cheti, apeleke kihisi maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo, ya TBS (shirika la viwango), au KEBS kwa walio Kenya.

Kuifuatilia ikiwa kazini

Kumbuka nilivyosema volti huzaliwa pale waya unapopita ukutani. Kwa hiyo themokapo iliyokwisha kufanya kazi usiichomoe ukaipeleke kwenye barafu, kwenye chungu cha alumini, wala kwenye tanuru la jirani ili "kuihakiki". Kule itazama kwa kina kingine, sehemu iliyoliwa itaangukia mahali pasipo na mteremko wa joto, nayo itasoma vizuri kabisa. Utairudisha kwa furaha na itaendelea kukudanganya. Kwa sababu hiyo hiyo usiisukume ndani zaidi wala kuivuta nje ikishazoea mahali pake.

Ihakiki hapo hapo ilipo. Ninapojenga tanuru naacha tundu la pili karibu na la kwanza, naliziba kwa pamba. Siku ya ukaguzi naingiza themokapo nyingine, mpya, ninayoitunza kwa kazi hiyo tu, ncha zikiwa jirani. Napandisha tanuru hadi joto lake la kazi, naacha litulie nusu saa, nasoma zote mbili. Mfinyanzi afanye hivyo na koni pia, kila mwoko, kwa sababu koni haina waya wa kuliwa.

Weka daftari lenye tarehe, ulichochoma, joto la juu, muda, na mafuta au umeme uliotumika. Usomaji ukiwa ule ule lakini gesi inaanza kuongezeka mwezi hadi mwezi, na matofali hayajapasuka wala mlango haujalegea, mshuku kihisi kabla hujamshuku mwuza gesi. Tofauti ikipita digrii 15 dhidi ya ile ya ukaguzi, mimi sirekebishi kwa kuingiza namba kwenye kontrola. Waya ulioanza kuliwa hauishii hapo. Wiki ijayo utakuwa umeliwa zaidi. Naitoa, naweka mpya kwa kina kile kile, naandika tarehe kwenye kichwa chake kwa kalamu ya rangi. Ile ya zamani naikata katikati kwa koleo kabla ya kuitupa, ili asije mtu akaiokota na kuifunga kwenye tanuru lake.